Vichupa vya Zamu ya Pili

Wahakiki walikuwa na maswali manne. Matatu yalikuwa ya kawaida, ya kumwonyesha mwombaji kwamba ombi lake la fedha za utafiti limesomwa. La nne lilikuwa la mstari mmoja: kwa nini vipimo vya Januari vinazidi vya Juni mara tatu, ilhali asidi iliyotiwa ni ile ile?

Gundula Aschenbrenner alikuwa na swali hilo kichwani tangu Jumatatu. Jumatano jioni alikuja nalo mezani, limechapwa kwenye karatasi, akaliweka kati ya sahani ya soseji na bakuli la matango ya siki. Mumewe Korbinian alikuwa akikata mkate. Mama mkwe, Zenta, aliyekaa ghorofa ya chini na kupanda kila jioni kula nao, alikuwa akimpakia Afra siagi kwenye kipande chake, ingawa Afra alikuwa na miaka kumi na moja na mikono miwili.

"Korbi," Gundula alisema, "nieleze asubuhi yako siku ya kuchukua sampuli. Anza mwanzo."

"Kwenye chakula?"

"Ndiyo, kwenye chakula."

Korbinian aliweka kisu chini. Alikuwa fundi wa maabara ile ile alikofanya utafiti mkewe, na maswali ya kazi nyumbani hayakuwa kitu kipya, ila hakuwahi kuulizwa kwa sauti hiyo. "Saa tatu kamili natoa vichupa kwenye kabati la joto. Kumi na viwili. Sita vimetiwa asidi ya ziada, sita havijatiwa. Pampu ya kuchuja ina midomo sita, kwa hiyo ni zamu mbili. Naanza na visivyotiwa."

"Kwa nini hivyo kwanza?"

"Kwa sababu uliniambia. Kwanza safi, halafu chafu. Nachuja, natumbukiza kwenye naitrojeni ya kimiminika, vinaganda. Halafu naosha pampu, nabadilisha vichujio, naleta zamu ya pili."

"Na zamu ya pili inangojea wapi?"

"Kwenye rafu."

"Rafu ipi?"

"Tuna rafu ngapi, Gundi? Ile ya dirishani."

"Dakika ngapi?"

"Kumi. Nikiwa na haraka, tisa."

"Na dirisha?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama huvaa viatu akienda kazini. "Dirisha liko wazi. Ikifika saa tatu nafungua, robo saa. Mle ndani mnanuka mayai viza, na karatasi ya usalama iko mlangoni, kila asubuhi hewa ipitishwe."

"Januari pia?"

"Januari hasa," Zenta alidakia. "Chumba kisichopitishwa hewa wakati wa baridi kinaota ukungu. Nilimfunza hilo akiwa na miaka minne."

Hakuna aliyecheka. Gundula aliichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya sahani yake.

"Mama, una nini?" Afra aliuliza.

"Nahesabu. Kula."

*

Vijidudu vyenyewe vilitoka kwenye dimbwi la tope huko Aislandi. Vinaishi kwenye joto la nyuzi sabini na nane, ndani ya asidi inayotoboa shati. Gundula alikuwa amevifuga miaka sita ili kujua jambo moja: hali ikiwa ngumu, vinaamuaje jeni ipi iwake na ipi izime. Jeni ikiwaka, seli huandika nakala zake; ukizigandisha seli ghafla na kuzihesabu nakala, unajua kilichokuwa kikiendelea ndani sekunde ile. Alikuwa amepata jeni thelathini na moja zilizowaka asidi ilipoongezwa. Ombi lake la miaka mitatu lilijengwa juu ya jeni hizo thelathini na moja.

Mtu akitoka nje na kuingia chumba chenye nyuzi ishirini, huvua koti. Kwa kiumbe cha nyuzi sabini na nane, nyuzi ishirini ni kugandishwa akiwa hai. Gundula alilijua hilo. Aliwaambia wanafunzi kila mwaka. Ila hakuwahi kulifikiria kuhusu rafu ya dirishani, kwa sababu dirisha lililofunguliwa asubuhi halikuwa kitu cha kufikiria. Nyumba zote za mtaa wao hufunguliwa madirisha saa hiyo.

Jumamosi walimwacha Afra kwa bibi yake wakaenda maabara wawili. Hawakutia asidi hata tone. Korbinian alitoa vichupa kumi na viwili, akachuja sita, akaweka sita kwenye rafu, akafungua dirisha. Nje kulikuwa na ukungu wa mto Danubi na nyuzi moja chini ya sifuri. Gundula alikuwa ametumbukiza kipimajoto kwenye kichupa kimoja na alikuwa akisoma kwa sauti.

"Sabini na moja. Sitini na mbili. Hamsini na tano."

"Unanisomea au unasoma tu?"

"Nasoma tu."

Ilipofika dakika ya kumi kipimajoto kilikuwa kwenye ishirini na sita. Korbinian alichukua vichupa vya zamu ya pili kwa namna alivyovichukua siku zote, viwili viwili, bila kumwaga, bila kukimbia. Mikono yake ilisifiwa na kila mtafiti aliyepita pale. Matokeo yake hayakuyumba kamwe. Sasa Gundula alielewa kwamba kosa lililorudiwa kwa uangalifu mkubwa hufanana sana na ukweli.

Hesabu ya nakala ilirudi baada ya siku tisa. Katika zile jeni thelathini na moja, ishirini na tisa zilikuwa zimewaka.

"Kwa hiyo asidi haifanyi kitu," Korbinian alisema. Walikuwa wamesimama mbele ya kompyuta, makoti mwilini.

"Asidi ni nyumbani kwao. Sijui kwa nini nilidhani vitashtuka."

"Lakini si umepata kitu kingine? Jeni za baridi."

"Jeni za baridi zilishaandikwa na watu wengine zamani. Niliwanukuu kwenye ukurasa wa pili."

Korbinian alifunga zipu ya koti. "Ungeniuliza mwaka wa kwanza," alisema. Hakusema kwa ukali. Mkewe alitamani angekuwa amesema kwa ukali.

*

Profesa Dossler, mkuu wa idara, aliwapokea watu ofisini kwa chai ya mnanaa na kwa dakika ishirini. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na alikuwa ameona maabara tatu zikifungwa.

"Daktari Aschenbrenner. Nimesoma barua pepe yako mara mbili. Nilitumaini mara ya pili itakuwa imebadilika."

"Nataka kuondoa ombi."

"Keti kwanza." Alimsogezea kikombe. "Wahakiki hawaui ombi kwa sababu ya kosa. Kila mtu amekosea. Wanachotaka kujua ni aina ya kosa. Likiwa la mikono, tunasema limeonekana, limerekebishwa, majaribio yatarudiwa. Wanaheshimu hilo. Likiwa la utaratibu, basi ni la aliyeuandika, na aliyeuandika ndiye anayeomba miaka mitatu."

"Niliuandika mimi. Mstari wa tisa unasema vichupa vingoje kwenye rafu."

"Unasema dirisha lifunguliwe?"

"Hapana. Karatasi ya usalama ndiyo inayosema."

"Karatasi ya usalama si utaratibu wako."

"Iko kwenye mlango ule ule, Profesa."

Dossler alikunywa chai. "Mkataba wako unaisha tarehe thelathini na moja Machi. Miaka ambayo sheria inamruhusu mtafiti kuajiriwa kwa muda, wewe umeimaliza yote. Siwezi kukuongezea hata mwezi mmoja, ila kwa fedha za mradi. Unalijua hilo kuliko mimi. Kwa upande mwingine tuna mtumishi wa kudumu. Atapata onyo la maandishi. Linakaa kwenye faili miaka miwili, linatolewa. Hakuna anayekufa."

Hakusema mumeo. Kwa miaka kumi, mbele za watu, wale wawili waliitana Bwana Aschenbrenner na Daktari Aschenbrenner, na idara nzima ilikuwa na adabu ya kujifanya kwamba jina limegongana tu.

"Barua itasemaje?" Gundula aliuliza.

"Kwamba fundi aliziweka sampuli mahali pasipofaa, kinyume cha maelekezo."

"Hakukuwa na maelekezo."

"Ndiyo maana nahitaji sahihi yake," Dossler alisema. "Akitia sahihi, yalikuwepo."

*

Korbinian alikuwa chini, kwenye chumba cha kufulia, akianika. Alikuwa akipiga kila soksi mara moja hewani kabla ya kuibana. Gundula alimpa karatasi, akachukua kikapu ili mikono yake iwe na kazi.

Korbinian alisoma polepole. "Kinyume cha maelekezo. Maelekezo gani?"

"Hakuna."

"Nauliza ili nijue nimekataa kutii kitu gani."

"Korbi, nimeileta tu. Sijasema utie sahihi."

"Umeileta nyumbani. Ungeweza kuiacha huko."

Gundula alibana fulana ya Afra kwenye kamba. Ilikuwa imebanwa tayari.

"Nisipotia?" aliuliza Korbinian.

"Naandika kwamba utaratibu ulikuwa mbovu na mimi ndiye niliyeuandika. Wanatupa ombi."

"Na Machi?"

"Machi ni Machi."

"Halafu? Unaenda Uholanzi Jumatatu mpaka Ijumaa kama Renate? Unarudi na begi la nguo chafu, mtoto anakusalimia kama mgeni?" Renate alikuwa rafiki yao wa chuo, naye alikuwa ameshaachika. "Au unafundisha kemia wavulana wa shule wanaochoma vifutio?"

"Nina miaka arobaini na tatu. Hata hao wavulana huenda wasinitake."

Korbinian aliitazama karatasi tena. "Miaka kumi na tisa. Mwaka ule naitrojeni ilipomwagika niliwatoa watu wote nje, hawakuniandikia hata mstari. Sasa wananiandikia ukurasa." Alipapasa mfuko wa shati, akapata kalamu. "Mimi nitapewa karatasi. Wewe utaonyeshwa mlango. Si hesabu ngumu."

"Ni uongo."

"Ni uongo wa miaka miwili. Dossler amesema onyo linatolewa, sivyo?"

Alitia sahihi juu ya mashine ya kufulia, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Mashine ilikuwa ikitetemeka, na herufi zikatoka zimepinda. Gundula alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake, na kikapu mkononi. Hakumzuia.

*

Onyo lilitoka Januari. Liliandamana na mambo mengine ambayo hayakuandikwa humo. Siku za sampuli Korbinian alisimamiwa na mwanafunzi wa udaktari wa miaka ishirini na sita, aliyeona aibu kuliko yeye na kila mara aliomba radhi kabla ya kutazama saa. Dirishani palibandikwa tangazo lenye plastiki kwamba lisifunguliwe bila idhini. Kantini watu wa ghorofa ya pili walianza kumwita Bwana Hewa Safi.

"Bwana Hewa Safi, leo supu imepoa. Ulipita karibu?"

"Nilipita," alisema Korbinian, akachukua trei yake, akakaa na wafagizi.

Nyumbani, Zenta hakuweza kuliacha. "Baba yako alifanya kazi kiwanda cha sukari miaka arobaini," alisema, akimenya viazi vya moto kwa vidole, bila kupepesa. "Hakupata barua yoyote ila ya kumshukuru. Wewe unaandikiwa kwa kufungua dirisha. Nami nauliza, ndani ya nyumba hii kuna daktari au hakuna? Daktari alikuwa wapi?"

"Mama, acha."

"Naacha. Nimeuliza tu. Afra, bibi ameuliza vibaya?"

"Bibi, sijui mnaongea nini," alisema Afra, ambaye alijua yote. Shuleni kwao kulikuwa na mtoto wa mtu wa ghorofa ya pili.

Gundula alikuwa akila. Alikuwa amegundua kwamba akitafuna polepole anaweza kumaliza mlo mzima bila kulazimika kujibu. Jioni hizo alikuwa akiandika sehemu mpya ya ombi, ile ya jinsi sampuli zitakavyochukuliwa upya. Ilikuwa sehemu nzuri, safi kuliko zote alizowahi kuandika. Kila kichupa kilikuwa na mahali pake kwenye kipande cha chuma chenye joto, kila dakika ilikuwa na sababu. Dossler aliisoma akasema kamati ya kugawa fedha itafurahi. Kamati ingekaa Alhamisi ya mwisho ya Februari.

Tatizo lilikuwa masharti ya onyo. Ofisi ya watumishi ilitaka aliyeonywa ahudhurie kozi inayofaa na kuleta fomu. Kozi inayofaa ilikuwa moja tu, ya wanafunzi wa mwaka wa pili: namna ya kuchukua sampuli. Ilifundishwa kila Februari, siku moja, asubuhi. Mkufunzi alikuwa Daktari Aschenbrenner.

"Mwambie Dossler atafute nyingine," Gundula alisema.

"Nilimwambia. Nyingine iko Hamburg, na haihusu vijidudu." Korbinian alikuwa akipiga viatu vyake rangi. "Nitakaa nyuma. Hutaniona."

"Nitakuona, Korbi. Chumba kina viti ishirini."

*

Ilikuwa Jumanne, siku mbili kabla ya kamati. Wanafunzi walikuwa kumi na saba. Korbinian alikaa safu ya mwisho, karibu na sinki, ametandaza daftari jipya mbele yake, na aliandika tarehe juu ya ukurasa kama mtu anayetarajia kulisoma tena.

Gundula alifundisha vizuri. Alikuwa amechoka kiasi kwamba maneno ya ziada hayakumjia. Aliwaambia kwamba seli haijui wewe unachunguza nini. Hujibu kila inachofanyiwa, pamoja na kile ulichofanya ukiwa umegeuka. Unaipa asidi, halafu unaiacha kwenye baridi dakika kumi, halafu unaihesabia nakala zake na kuandika: asidi. Alichora mistari miwili ubaoni, ya Januari na ya Juni.

Msichana mwenye kofia ya sufu aliinua mkono. "Samahani, Daktari. Hii ilitokea kweli au ni mfano?"

"Ilitokea. Hapa hapa, kwenye korido hii."

Wawili watatu walitazamana. Kijana mmoja mbele alikuwa ameshaanza kutabasamu; alikula kantini kama wengine. "Na aliyefanya," aliuliza, "alifukuzwa?"

Mtu mmoja alicheka puani. Mwingine aligeuka nusu kutazama nyuma, akakumbuka adabu, akajifanya anatafuta saa ukutani. Saa haikuwa upande huo. Korbinian aliendelea kuandika. Masikio yake yalikuwa mekundu mpaka kwenye ncha.

Gundula alikuwa ameshika kalamu ya ubao. Aliifunika kifuniko.

"Hakufukuzwa," alisema. "Ndiye anayewafundisha."

Kijana wa mbele aliacha kutabasamu, kwa kuwa hakujua kama ni mzaha.

"Utaratibu ulisema vichupa vingoje kwenye rafu. Haukusema rafu ipi, wala kwa joto gani. Fundi alifuata kila mstari. Niliuandika mimi, na kwa miaka sita sikuenda kuona vinangojea wapi. Andikeni hilo, litakuwa kwenye mtihani."

Wakaandika. Korbinian peke yake alikuwa ameacha kuandika.

Saa tano na robo aliwaruhusu. Alingojea wa mwisho atoke, akamwita mumewe kwa mkono. Korbinian aliweka fomu yake mezani. Jina la mtumishi, tarehe, saa alizohudhuria, sahihi ya mkufunzi. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya maoni, mistari miwili ambayo hakuna aliyewahi kuijaza. Gundula aliandika: *Mtumishi huyu alifuata utaratibu kama ulivyoandikwa. Kosa lilikuwa la utaratibu, nami ndiye mwandishi wake.* Akatia sahihi palipotakiwa, na mara ya pili chini ya maoni.

Korbinian alisoma kwa kuinama, bila kuigusa. "Kamati ni keshokutwa."

"Najua."

"Ungengoja Ijumaa. Ungepata miaka yako, halafu ungeandika."

"Ijumaa nisingeandika. Najijua."

"Nimeshabeba, Gundi. Mwezi mzima nimebeba. Wameshachoka hata kunicheka, ni huyu kijana tu aliyechelewa." Alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi. "Sasa unataka iwe bure?"

"Umebeba kitu changu. Nilikuacha ukibebe kwa sababu ilinifaa." Alimsogezea fomu. "Ofisi ya watumishi inapokea mpaka saa sita. Lazima ipelekwe na mtumishi mwenyewe, imeandikwa hapo juu."

"Nikiiacha mfukoni?"

"Basi itakuwa mfukoni mwako. Mimi nimeshaandika."

*

Ofisi ya watumishi ilikuwa jengo la pili, ghorofa ya chini, mlango wenye ua la plastiki. Bi Hierl, karani, alikuwa na foleni ya watu wawili na mafua. Korbinian alisimama, fomu mkononi. Aliisoma tena akiwa kwenye foleni, kisha akahesabu mambo ambayo hayakuwa kwenye fomu: mshahara mmoja badala ya miwili, Uholanzi, nyumba ambayo mama yake asingekubali kuihama, Afra. Hakuna hesabu aliyoipenda. Zamu yake ilipofika ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini.

"Kozi?" Bi Hierl alisema.

"Kozi."

Aliichukua, akatazama jina, tarehe, saa na sahihi, kwa mpangilio huo. Macho yake hayakushuka zaidi. Akagonga muhuri, akatoboa matundu mawili, akaitia kwenye faili la kijivu, akafunga faili. "Imekwisha. Umeshakamilisha, Bwana Aschenbrenner. Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa mzee wa bustani na karatasi yake ya likizo. Korbinian alisogea kando kumpisha. Alitembea mpaka mlangoni. Fomu ilikuwa imefika pale ilipotakiwa kufika, ina muhuri, na hakuna ambaye angelifungua faili mpaka miaka miwili ipite. Alikuwa amefanya alichoagizwa. Gundula angemwuliza jioni kama ameipeleka, naye angejibu kwamba ameipeleka, na lisingekuwa uongo.

Alisimama pale, mkono kwenye kitasa, kwa muda ambao mzee wa bustani alitumia kueleza kwamba likizo ni ya kumwuguza mkewe, si ya kupumzika. Kisha akarudi.

"Bi Hierl, samahani. Kule chini kuna maoni."

"Maoni gani?"

"Ya mkufunzi. Ameandika ili yasomwe."

Bi Hierl alipenga kamasi, akalitoa faili, akalifungua, akavaa miwani. Alisoma mistari miwili. Akarudi juu akasoma jina la mkufunzi, kisha jina la mtumishi, kisha akamtazama Korbinian kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Hii lazima nimpigie Profesa Dossler. Na ofisi ya miradi." Alishika simu lakini hakuinua. "Unajua itakuwaje kwa huyu aliyeandika?"

"Najua. Ni mke wangu."

Mzee wa bustani alitazama karatasi yake ya likizo. Bi Hierl alinyoosha kidole kwenye kiti cha mbao kando ya dirisha.

"Basi keti, Bwana Aschenbrenner," alisema. "Itachukua muda."

Akaketi.